Simfoni ya Tano ya Beethoven: mwongozo kamili wa kuisikiliza mpaka mwisho bila kupotea njiani

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Mtu kazisikia zile noti nne za mwanzo kwenye filamu au tangazo, zikamshika, akaenda kutafuta simfoni nzima, yaani kazi ndefu ya okestra, hii ikiwa na sehemu nne. Dakika ya kwanza yuko makini. Ikiingia sehemu ya pili anaanza kupitia meseji. Ya tatu haisikii kabisa, na ya nne inamkuta jikoni. Kisha anahitimisha kwamba muziki huu si wa watu kama sisi.

Masikio yako hayana tatizo lolote. Muziki huu hauna mwimbaji, hauna maneno, wala kiitikio kinachorudi kila baada ya ubeti. Msikilizaji anatakiwa ashike kitu kimoja mwanzoni na kukifuata, na hakuna anayemwambia kitu hicho ni kipi. Katika Simfoni ya Tano ni noti nne tu. Ndiyo sababu naiona kazi bora ya kuanzia kwa yeyote anayetaka kuingia katika muziki wa Ulaya wa zama zile.

Historia ndefu nimeiacha. Maisha ya Beethoven, mtunzi wake Mjerumani, nimeyagusa pale tu yanapokusaidia kusikia vizuri zaidi.

## Vitu vya kuandaa

Rekodi moja. Tumia ile ya Carlos Kleiber akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa mwaka 1974. Ina urefu wa dakika 33 hivi. Ukichukua nyingine hakuna ubaya, lakini viongozi wa okestra hutofautiana mwendo, na wengine huruka marudio, kwa hiyo dakika ninazozitaja hapa zitasogea. Muhimu ni kukaa na rekodi moja mpaka umalize hatua zote. Wanaorukaruka kati ya rekodi tano ndio wanaokata tamaa mapema.

Spika za masikioni au spika kubwa. Spika ya simu haifai. Sehemu ya tatu inafunguliwa na selo na besi, vyombo vikubwa vya nyuzi, zikipiga chini na kwa sauti ndogo. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti hizo, kwa hiyo utadhani rekodi imekwama. Kwa watu wengi ninaowajua, hapo ndipo safari ilipoishia.

Muziki uliopakuliwa. Usisikilize mtandaoni kwenye programu inayoingiza matangazo. Kati ya sehemu ya tatu na ya nne hakuna mapumziko hata ya sekunde moja, na hapo ndipo penye roho ya kazi nzima. Tangazo la sabuni likiingia pale, umepoteza kila kitu.

Karatasi na kalamu. Utaandika maneno machache tu.

Solfa (do, re, mi), kama unaijua. Waliopita kwenye kwaya wana faida hapa. Usiyeijua usijali, utagonga meza.

## Hatua ya 1: Rekebisha simu kabla ya kusikiliza

Zima kipengele cha kuchanganya nyimbo. Nimeshaona mtu anasikiliza sehemu ya nne kabla ya ya pili, kisha analalamika kwamba haelewi. Zima pia kile kinachofifisha wimbo mmoja na kuingiza mwingine juu yake. Kama programu yako ina uchaguzi wa kucheza bila pengo kati ya nyimbo, uwashe.

Sasa sauti. Nenda mwanzo wa sehemu ya nne, cheza sekunde kumi, panga sauti iwe kubwa lakini isiumize. Iache hapo hapo. Sababu ni kwamba muziki huu unatoka mnong'ono hadi kishindo. Ukipanga sauti kwa kipande cha taratibu, kishindo kitakushtua, utapunguza, halafu kinachofuata hutakisikia.

*Umefanikiwa ukiona hivi:* unarudi mwanzo wa sehemu ya tatu na unazisikia besi, hata kama kwa mbali, bila kugusa kitufe cha sauti.

## Hatua ya 2: Zishike noti nne mkononi

Cheza sekunde kumi za mwanzo wa sehemu ya kwanza, kisha simamisha. Rudia mara kadhaa. Tatu fupi, moja ndefu: ta-ta-ta-taa. Kwa solfa ya kwaya, ambayo maina yake huanzia la (maina ni mpangilio wa noti wenye huzuni, meja ni ule wenye uchangamfu), ni mi mi mi do, kisha re re re ti.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, pigo halianzi na sauti. Linaanza na kimya kifupi sana, na noti tatu zinaikimbilia ile ndefu. Mkono wa kiongozi wa okestra unashuka mahali ambapo hakuna anayepiga chochote. Ndiyo maana mwanzo huu huzitisha okestra hata zenye uzoefu: wanamuziki wote lazima waanze pamoja kutoka kwenye ukimya.

La pili, ile noti ndefu ya mara ya pili imeshikiliwa zaidi kuliko ya kwanza. Beethoven aliandika hivyo kwa makusudi. Hapo bado hujui mwendo halisi wa muziki, wala hujui kama uko kwenye maina au meja. Amekuacha umesimama mguu mmoja.

Zigonge mezani mpaka ziweze kutoka bila rekodi.

Tahadhari: utakutana na maelezo kwamba noti hizi ni hatima ikibisha hodi mlangoni. Aliyeeneza habari hiyo ni Anton Schindler, aliyekuwa msaidizi wa Beethoven, na ilikuja kuthibitika kwamba alighushi maandishi kwenye madaftari ya mazungumzo ya bwana wake. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alitoa habari tofauti kabisa: kwamba zilitokana na mlio wa ndege. Weka hadithi zote mbili kando. Ukisikiliza ukisubiri mlango ufunguliwe, utakosa yanayotendeka ndani ya noti zenyewe.

## Hatua ya 3: Nenda kwanza unakoelekea

Hatua hii inawashangaza wengi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kabla ya kusikiliza sehemu ya kwanza yote, cheza dakika ya mwisho ya sehemu ya tatu na uache iingie sehemu ya nne kwa dakika moja.

Utakachosikia ni hiki. Fidla na wenzake wanashikilia sauti ndefu, ndogo, kama hawataki kusikika. Chini yao timpani, ngoma kubwa za okestra, inagonga noti moja ileile, taratibu. Kisha fidla zinaanza kupanda, hatua kwa hatua, bila kuonyesha zinaelekea wapi. Kwa nusu dakika na zaidi kidogo hakuna kinachotulia. Sekunde za mwisho kila chombo kinavimba kwa pamoja, na sehemu ya nne inafunguka: do, mi, sol, halafu fa mi re do re do. Meja, wazi, kwa nguvu zote.

Kwa nini tuanzie hapa? Kwa sababu simfoni nzima ni safari ya kutoka C maina hadi C meja, na msafiri anayejua aendako hachoki haraka. Ukilijua lango hili, dakika 20 za mwanzo zinapata maana. Kila meja itakayochungulia njiani utaitambua.

*Umefanikiwa ukiona hivi:* unaweza kuimba ule mwanzo wa sehemu ya nne, hata kwa mluzi, bila rekodi. Kama mwili ulisisimka lango lilipofunguka, uko vizuri kupita kiasi.

## Hatua ya 4: Sehemu ya kwanza, vipande vinne

Ina dakika saba na ushee. Usiimeze yote mara moja.

Kipande cha kwanza kina takribani dakika moja na nusu. Noti nne zinarushwa kutoka kundi moja la fidla hadi jingine, haraka haraka. Kisha honi, yaani baragumu za shaba, zinapiga peke yake, kwa ukali: sol sol sol do re sol. Hizo ni noti nne zilizopanuliwa. Baada yake inaingia tuni laini ya fidla, ya meja, inayofuatwa na klarineti halafu filimbi. Hapa wasikilizaji wengi hudhani noti nne zimeondoka. Sikiliza chini. Selo na besi zinazigonga bado, chini ya ile tuni tamu. Ukizisikia pale, umeshavuka kizingiti ambacho wengi hawakivuki.

Marudio. Kipande chote kinapigwa tena tangu mwanzo. Rekodi haijakwama. Beethoven amekupa nafasi ya pili, kwa sababu mwaka 1808 hapakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Itumie: mara ya kwanza fuata fidla, mara ya pili fuata besi.

Kipande cha katikati. Noti nne zinavunjwavunjwa. Zinabaki mbili, kisha moja moja, zikipokezana kati ya vyombo vya kupuliza na vya nyuzi, taratibu zaidi na zaidi. Ni kama muziki unaishiwa pumzi. Halafu okestra nzima inarudi na noti nne kwa kishindo. Huo ndio mwanzo wa kipande kinachofuata.

Kurejea. Kati ya dakika ya 4 na ya 5 kitatokea kitu cha ajabu: okestra yote inanyamaza na obo moja, chombo cha kupuliza, inaimba peke yake kwa sekunde chache, polepole, kwa huzuni. Kisha mbio zinaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kwangu hapo ndipo penye moyo wa sehemu ya kwanza. Andika kwenye karatasi dakika na sekunde unapoisikia, ili ujue umeikamata kweli.

Usishangae ukiona mwisho hauji. Beethoven ameongeza kimalizio kirefu karibu sawa na kipande cha kwanza, na ndani yake anaingiza tuni ambayo hujaisikia kabla. Watunzi waliomtangulia kwa kawaida walikuwa wanafunga mapema zaidi.

*Umefanikiwa ukiona hivi:* karatasi yako ina alama tatu, yaani honi, tuni laini na obo, na unaweza kusema ni wapi noti nne zilijificha.

## Hatua ya 5: Sehemu ya pili, mahali wengi wanapolala

Dakika 10, mwendo wa taratibu. Hakuna vita hapa, kwa hiyo mtu aliyezoea fujo ya mwanzo anaona mambo yamepoa.

Kuna tuni mbili zinazopokezana, na kila zikirudi zimevishwa nguo mpya. Ya kwanza inapigwa na viola (fidla kubwa kidogo) na selo pamoja. Sauti ni nene, ya katikati. Wapenzi wa taarab ya Zanzibar wanaoijua selo hawatapata taabu kuitambua. Ya pili inaletwa na klarineti na fagoti, kwa upole.

Kazi yako ni moja. Wakati ile tuni ya pili inaendelea kwa upole, ghafla tarumbeta, honi na timpani zinalipuka. Mlipuko huo uko kwenye C meja, lile lango la hatua ya 3. Unasimama kwa fahari sekunde chache, kisha unafifia na kuyeyuka. Utatokea mara tatu. Weka alama kila mara.

Beethoven anakuonyesha unakokwenda, halafu anakunyima. Ukilisikia hilo, sehemu hii haitakulaza tena.

Tahadhari: usisikilize sehemu ya pili kitandani. Mwendo wake na uchovu wa siku vikikutana, utalala bila kujali nia yako. Isikilize asubuhi, umekaa.

## Hatua ya 6: Sehemu ya tatu na ya nne, bila kupumua katikati

Zichukue kama kitu kimoja. Ndivyo zilivyoandikwa.

Selo na besi zinapanda kutoka gizani, zinasimama. Zinajaribu tena. Kisha honi zinaingia kwa nguvu: ta-ta-ta-taa, zote kwenye noti moja. Noti zako nne zimerudi, zimebadili sura, sasa zinatembea kwa hesabu ya tatu. Kama uligonga meza sawasawa katika hatua ya 2, mkono wako utaanza wenyewe.

Katikati besi na selo zinachukua mbio peke yake, haraka kuliko ungetarajia kwa vyombo vizito vile. Zinaanza, zinakatika, zinaanza tena, zinakatika, mara ya tatu zinaenda. Ni kipande cha uchangamfu wa kweli na wengi wanakipenda mara ya kwanza tu.

Kisha tuni ya mwanzo inarudi, lakini nguvu imekwisha. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole badala ya kupigwa kwa upinde. Kile ambacho honi zilikipiga kwa sauti kubwa sasa kinanong'onezwa. Usiongeze sauti! Utaijutia baada ya dakika mbili.

Halafu timpani, zile sauti ndefu, kupanda, na lango.

Lango linapofunguka kuna sauti ambazo hujazisikia tangu simfoni ianze. Tromboni tatu, pikolo ambayo ni filimbi ndogo yenye sauti ya juu kabisa, na kontrafagoti inayounguruma chini. Wanaozipiga wamekaa kimya zaidi ya dakika 20 wakisubiri wakati huu. Beethoven hakuwahi kuziweka kwenye simfoni zake nne za kabla. Alimwandikia mfadhili wake, Count Oppersdorff, kwamba vyombo hivyo vitatoa kishindo kikubwa kuliko timpani sita, tena kizuri zaidi.

Katikati ya sehemu ya nne, sherehe ikiwa imepamba moto, muziki unakatika na mnong'ono wa sehemu ya tatu unarudi. Ta-ta-ta-taa, kwa mbali. Wasiojua hudhani rekodi imeruka nyuma. Haijaruka. Kilichoonekana kimeshindwa kinachungulia tena, na lango linabidi lifunguliwe mara ya pili. Ushindi ambao haujaribiwi tena asingeuamini mtu aliyeishi maisha ya Beethoven, na mimi hapo ndipo ninapomwamini yeye kuliko watunzi wengi wa fanfare, ile miziki ya shangwe ya tarumbeta.

Mwishoni mwendo unaongezeka, na utasikia miisho kadhaa ambayo si miisho. Mistari 29 ya mwisho (mstari ni kifungu kimoja cha mapigo) ni C meja tupu. Baadhi ya watu huona amezidisha. Hesabu umbali aliotoka, zaidi ya dakika 20 za kunyimwa, na utaona zinatosha kabisa.

*Umefanikiwa ukiona hivi:* ulitambua mnong'ono uliorudi ndani ya sehemu ya nne, na hukupiga makofi kabla ya akodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) ya mwisho.

## Hatua ya 7: Sikiliza nzima, kisha soma kidogo kuhusu mtu mwenyewe

Sasa tenga dakika 35. Simu iwe katika hali ya ndege, karatasi weka mbali. Usihesabu chochote, masikio yameshajua njia.

Akili ikitangatanga, na itatangatanga, usirudishe nyuma. Sikiliza tu ni wapi noti nne zilipo wakati huo, utajikuta umerudi barabarani. Na usijilaumu. Simfoni hii ilipigwa hadharani mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1808 katika ukumbi wa Theater an der Wien, Vienna. Onyesho lilichukua saa nne hivi kwenye baridi kali, mazoezi hayakutosha, na kazi ya mwisho ya usiku ule iliharibika ikabidi isimamishwe na kuanzwa upya. Waliokuwemo walitoka wamechoka hasa. Wewe una kiti chako na hali ya hewa nzuri.

Baada ya hapo, na si kabla, tafuta barua ambayo Beethoven aliwaandikia wadogo zake Oktoba 1802 akiwa Heiligenstadt, kijiji kilichokuwa nje ya Vienna. Alikuwa na umri wa miaka 31. Anasimulia aibu ya kusimama na mtu anayesikia filimbi kwa mbali, na yeye asisikie kitu. Anakiri kwamba alikaribia kujiua, na kwamba sanaa peke yake ndiyo iliyomzuia. Hakuituma kamwe, ilikutwa kwenye makaratasi yake baada ya kufa kwake mwaka 1827. Miaka miwili hivi baada ya barua ile alianza kuchora mawazo ya simfoni hii.

Sababu ya kuiweka barua mwisho ni hii: ukiisoma kwanza, utasikiliza ukimhurumia mtu badala ya kusikia kazi yake. Pia sahihisha kosa linalorudiwa kila mahali. Mwaka 1808 Beethoven hakuwa kiziwi kabisa. Usiku ule wa Desemba alipiga piano mwenyewe mbele ya watu, kwenye Konserto yake ya Nne, kazi ya piano na okestra.

## Ukikwama

Noti nne zinapotea kila mara. Rudi hatua ya 2 ukagonge zaidi. Ukizibeba mkononi, sikio litazitafuta lenyewe.

Sehemu ya pili bado inakuchosha. Sikiliza milipuko mitatu tu kwa sasa, ukianza nusu dakika kabla ya kila mmoja. Vilivyobaki vitakuja.

Unaona mwendo ni wa kasi mno. Beethoven mwenyewe aliuandika hivyo. Mwaka 1817 alichapisha vipimo vya metronomu, kifaa cha kupima mwendo, kwa simfoni zake, na sehemu ya kwanza ya hii aliipa mistari 108 kwa dakika. Ukitaka kusikia kasi hiyo kwa vyombo vya aina ya zama zake, jaribu rekodi ya John Eliot Gardiner ya mwaka 1994, baada ya kuizoea ya Kleiber.

## Ukishamaliza, nenda wapi

Usikimbilie Simfoni ya Tisa. Ni ndefu mara mbili. Nenda kwa mtunzi Johannes Brahms, Simfoni ya Kwanza, iliyopigwa mara ya kwanza Karlsruhe mwaka 1876 baada ya kuhangaika nayo kwa miaka ipatayo 20. Njia ni ileile, C maina hadi C meja, kwa hiyo hatua za hapa zinatumika karibu zote.

Anzia tena unakoelekea: sehemu ya nne, dakika chache baada ya mwanzo, honi inapoimba juu ya fidla zinazotetemeka. Wimbo huo Brahms alikuwa amemtumia rafiki yake, mpiga piano Clara Schumann, kama salamu za siku ya kuzaliwa mwaka 1868, akiwa milimani Uswisi. Usikilize mpaka uweze kuupiga mluzi, ndipo urudi mwanzo wa sehemu ya kwanza.